Sarafu Niliyoikata

Mjukuu wangu Abdi, assalamu alaikum. Nina miaka themanini na mbili, na wazee wote walionibishia mambo ya sarafu nimeshawazika. Huku Garissa sisi wazima, mbuzi wamezaa.

Umeuliza utajuaje sarafu ya kale ya Warumi ni fedha mpaka ndani au ni shaba iliyopakwa fedha. Tazama ukingo uliochakaa, shaba hujitokeza nyekundu. Lakini usiikate.

Ayeyo wako, yaani bibi yako, siku nilipomwoa alivaa moja shingoni, ya marehemu mama yake. Nikajigamba mbele ya wakwe, "Hii bandia, mimi najua!" Nikaipiga patasi. Ndani ikang'aa nyeupe, fedha tupu.

Akasema tu, "Haya, umeridhika?"

Mpaka leo anaivaa, kovu la patasi amelielekeza kifuani. Shahidi wa haya ni yeye. Ukimpigia simu muulize, na umwombe anisamehe. Mimi mwenyewe mdomo umenishinda kulisema.