Célestin Amefuta Watoto Wangu

Godefroid, nakuandikia hapa gare, stesheni ya treni ya Kindu; gari litakalokuletea barua hii Kibombo liko karibu kuondoka. Célestin amefuta watoto wangu. Célestin wetu, tuliyelala naye mukeka mumoja.

Unajua sisi watu wa Kibombo tunaokaa Kindu, karatasi ya kodi tunajaza kama wageni. Mwenye watoto wane halipi. Nilijaza mwenyewe: Anne niliyemuzaa, na wale watatu wa marehemu kaka. Nikamupelekea Célestin aangalie kama iko sawa, maana yeye njo karani wa kodi. Nikamubebea na kuku.

Akasoma. Akashika kalamu nyekundu. «Hawa watatu si wako.»

Nikasema ni wa kaka yangu, basi ni wangu. Wanakula kwangu, wananiita baba.

«Mutoto wa kaka yako si mutoto wako. Huu ni uongo. Naweza kukufungisha.»

Mbele ya watu, Godefroid. Si mutoto wako. Yeye njo anasema vile.

Nikamuuliza polepole: «Baba yako alipokufa, nani alikuingiza masomo?»

Nikajibu mwenyewe:

«Ni baba yangu, baba mudogo wako. Kwa karatasi ya masomo aliandika: mutoto wangu. Bila karatasi ile, kalamu hiyo usingeijua.»

Unajua alifanya nini? Aliinama, akafuta mustari wa pili, akafuta wa tatu, akafuta na wa nne.

Kuku nilimuchukua. Leo tunamula, miye na watoto wangu wane.

Donatien