Gitaa Lako Bila Ampu

Nakuru, 2008

Mwalimu Kibet,

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia neno hata moja mpaka sauti ya gitaa lako ipatikane. Kila nikiketi kuandika naona nitajaza ukurasa mzima malalamiko, na wewe hukupenda malalamiko kabla ya chai. Sasa nimekunywa chai. Tulia unisikilize.

Nikukumbushe tulipoishia, maana wewe na kusahau mlikuwa marafiki wa karibu. Ni ile siku ya mwisho ya kurekodi, kwenye chumba changu cha studio nyuma ya duka la hadiwea la Bwana Harjit. Jirani yetu wa kuchomelea vyuma alikuwa anatengeneza geti, na kila alipogusisha chuma, ampu yako ya mbao, ile ya kukuzia sauti ya gitaa, ilivuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Ukakasirika, ukachomoa waya, ukaniambia, "Fundi, chomeka gitaa straight kwa kompyuta. Ampu tutaweka baadaye." Nikachomeka. Ukapiga ule wimbo wa mama yako mwanzo hadi mwisho, gitaa kavu kabisa, sauti nyembamba kama mtu anachezea waya wa ua. Haikutusumbua. Siku yoyote tungeitoa kwenye kompyuta, tuipitishe kwenye ampu yako, tuweke maikrofoni mbele ya spika, na mambo kwisha.

Wiki hiyo hiyo moyo wako ukasimama ukiwa kwenye foleni ya kinyozi. Bado nina hasira na wewe kwa hilo. Mtu hafi kwenye foleni ya kinyozi, Mwalimu, na wimbo haujaisha!

Tulikuzika kwenu Rongai kabla ya uchaguzi. Nilisimama karibu na mama yako, akanishika mkono, na hakuna aliyeuliza mimi ni wa kabila gani. Nataka ukumbuke hivyo, kwa sababu baada ya uchaguzi watu hawakuuliza kitu kingine.

Sitakusimulia yote ya Januari. Nyumba uliyokuwa umepanga Kaptembwo iliungua, na ampu yako ndani yake. Nani alichoma sijui, na siku hizi nikitaka kuuliza nameza mate. Shangazi yangu alifukuzwa kwake Molo na mpaka leo analala kwenye hema. Binamu zako pia walifukuzwa hapa mjini, wakarudi Rongai na nguo za mwilini. Watu wa kwetu na watu wa kwenu tukawa tunapishana barabarani tukiangalia chini. Wakubwa walipopatana, redio ikasema amani imerudi. Huku kwetu ilirudi polepole, na sehemu nyingine hata haijafika.

Ndipo ndugu yako Kiprop akanipigia simu. Familia ilikuwa inapanga siku ya kujengea kaburi lako kwa simiti, kwaya iimbe, watu wale, na mama alikuwa ametaka kitu kimoja: ule wimbo upigwe hapo kaburini. "Mama anataka kusikia mtoto wake," akasema. "Kama huwezi, sema tu, tutabaki na kwaya." Kisha akaongeza: "CD utatuma. Wewe usikuje, Shiko. Huku bado hakujatulia."

Nikasema nitaweza. Nilijibu haraka kuliko nilivyofikiri.

Ampu haikuwepo, kwa hiyo nilibaki na kile kisanduku changu ulichokuwa unakicheka. Nilikueleza mara ngapi kwamba ndani yake mna maigizo ya ampu za kila aina, za Marekani na za Uingereza, na maigizo ya spika zake pia, kwamba gitaa kavu likiingia upande huu linatoka upande ule kama limepita kwenye ampu kubwa ya jukwaani? Ulinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zako zote, halafu ukauliza, "Na jasho lake inatoka wapi?"

Nilianza kwa kuchagua ampu kubwa kuliko zote zilizomo, maana niliona unastahili. Nikaongeza mkwaruzo kidogo ili sauti ijae. Nikaweka mwangwi, na si mwangwi mdogo, kwa sababu unajua huku kwetu wimbo bila mwangwi watu husema haujarekodiwa. Nikavaa hedifoni, nikafunga macho, na kweli ukawa mkubwa, Mwalimu. Ukawa kama unapiga uwanjani. Kitu fulani kilikuwa kinanisumbua, sauti ilikuwa na uzito wa ajabu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikaongeza makali ya juu. Blanketi likabaki, na makali yakaanza kuniumiza masikio. Nikajiambia ni uchovu tu.

Kiprop akaja kusikia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mjini tangu Januari. Hakuketi vizuri, alikaa ukingoni mwa kiti akiangalia mlango, na kila mtu aliyepita nje alimfuata kwa macho. Mimi pia nilikuwa naangalia mlango, kwa sababu zangu. Nikabonyeza, wimbo ukaanza. Alisikiliza ubeti mmoja, akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu.

"Huyu si Kibet," akasema. "Huyu ni msee mwingine. Hata mkono wake wa gitaa mmetunyang'anya?"

Nilielewa kwamba hakuwa ananiambia mimi peke yangu. Damu ikanipanda. Nikamwambia aende akaulize shangazi yangu kwenye hema ni nani amenyang'anywa nini. Tukaangaliana. Nilimwogopa ndugu yako siku hiyo, Mwalimu, na naona yeye pia aliniogopa, ilhali sote wawili tulikuwa tumekulilia kwenye kaburi moja. Akasimama, akasema siku ya kaburi ni Jumamosi, mimi nijue la kufanya. Akaondoka bila kuaga.

Nililia kidogo, nikatukana kidogo, nikarudi kazini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Yule hakuwa wewe.

Siku mbili nilizungusha vitufe bila kupata kitu. Ampu hii, ampu ile, spika nne, spika mbili, mwangwi wa kanisa, mwangwi wa chumba. Kila nilichobadilisha kilikufanya mtu mwingine tena. Ijumaa asubuhi stima ikapotea, kama kawaida yake, na sikuwa nimehifadhi chochote. Iliporudi nikafungua kompyuta nikiwa tayari kuipiga teke. Ilikuwa imesahau kazi yote ya upande wake. Nikaacha gitaa lipite kwenye kisanduku peke yake, hivyo hivyo, wakati natafuta kalamu.

Blanketi halikuwepo.

Nilikaa chini. Unajua nilichokuwa nimefanya? Kisanduku kina spika yake ya kuigiza, na mimi kwenye kompyuta nilikuwa nimeweka spika nyingine ya kuigiza juu yake, kisha nikasahau. Gitaa lako lilikuwa linapita kwenye spika, halafu sauti ya hiyo spika inapitishwa tena kwenye spika ya pili. Hakuna ampu duniani inayofanya hivyo. Wiki nzima nimekufungia ndani ya masanduku mawili, halafu nashangaa husikiki!

Baada ya hapo nikapata akili. Ile ampu kubwa nikaitoa, nikachukua ndogo kuliko zote, yenye spika moja. Mkwaruzo nikaupunguza mpaka nikaona nimepita kiasi, kisha nikapunguza tena, na hapo vidole vyako vikatokea. Nilisikia unavyouzima uzi kwa kiganja kabla ya kushuka kwenye sauti za chini. Nilisikia kidole kikiteleza kwenye uzi mnene, kile kisauti tulichokuwa tunagombania, mimi nikitaka kukifuta na wewe ukikataa. Mkwaruzo wangu ulikuwa umevifunika vyote. Mwangwi nikauacha kiasi cha chumba cha kawaida tu.

Halafu nikavua hedifoni, nikawasha besi na ngoma tulizokuwa tumesharekodi, nikafungua kile kispika kidogo cha kompyuta kwa sauti ya chini. Huko nyuma kote nilikuwa natafuta sauti yako ukiwa peke yako, na wewe hukuwahi kupiga peke yako. Ukiwa peke yako ulisikika mwembamba, karibu nione aibu kwa niaba yako. Besi ilipoingia ukakaa mahali pako. Nikapunguza uzito wa chini kidogo ili usigombane na besi, nikaacha kugusa. Nilikaa pale nikisikiliza mtu ninayemjua.

Nikachoma CD. Ndipo wasiwasi mwingine ukaja. CD ingefika Rongai iingie kwenye mashine za sauti za kanisa, na unawajua wale wa mashine, kitu cha kwanza ni kufungua besi yote na mwangwi wote. Ungekuwa umetoka kwenye masanduku mawili ukafie kwenye la tatu. Bwana Harjit alikuwa anapeleka ile simiti ya kaburi Jumamosi kwa lori lake. Nikamwambia naenda naye. Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe Shiko, kichwa yako iko sawa?" Nikasema iko sawa. "Basi ukae kimya. Mimi ndiyo nitaongea."

Kwenye njia ya kuingia kwenu vijana walikuwa wameketi juu ya gogo, na gogo lilikuwa limelala nusu ya barabara. Mmoja akaja dirishani, akashika mlango. Bwana Harjit akasema ni simiti ya kaburi, akataja jina lako, na yule kijana akatingisha kichwa kwa heshima. Halafu akaniangalia mimi. "Na huyu?" "Fundi wa spika," Bwana Harjit akasema, akatia gia. Kijana aliendelea kushika mlango. Aliniangalia uso mpaka nikaona sasa ataniuliza jina, na jina langu halina pa kujificha. Mwishowe akausogeza mkono wake.

Watu walikuwa wengi. Kiprop aliponiona uso wake ukabadilika. "Nilikuambia usikuje," akasema kwa sauti ya chini, na niliposikia ile sauti nikajua sasa anaogopa kwa ajili yangu. Nikamwambia anionyeshe mashine. Kweli, besi ilikuwa imefunguliwa yote. Nikarudisha vitufe katikati, nikazima mwangwi, mgongo wangu umegeukia umati. Nilisikia mtu akiuliza kwa lugha yenu. Sikuelewa maneno, lakini swali nililijua. Mazungumzo yakaanza kupungua kutoka viti vya nyuma kuja mbele.

Nilipanga kubonyeza haraka, nirudi kwenye lori. Kiprop akanizuia mkono, akachukua maikrofoni.

"Kabla hii wimbo ipigwe," akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "mjue nani alirekodi. Ni Wanjiku wa Njenga, wa Nakuru. Ndiye huyu. Amekuja mwenyewe."

Jina langu lote, Mwalimu, na la baba yangu, kwenye spika za kanisa, mahali pale, mwaka huu. Mzee mmoja mwenye koti jeusi akasimama kutoka kitini, na mimi nikatafuta lori kwa macho. Kiprop akabonyeza.

Gitaa lako likaingia.

Mama yako alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua. Akamshika mwanamke aliyeketi kando yake akasema neno moja, na kwa jinsi alivyolisema sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Kisha akacheka huku machozi yanashuka, akaninyooshea mkono kutoka pale alipo, nami nikapita katikati ya watu wote wale nikaenda kuushika. Yule mzee wa koti alikuwa bado amesimama. Alibaki amesimama mpaka wimbo ukaisha, kofia yake ikiwa mkononi.

Sitakudanganya kwamba mambo yameisha. Tuliporudi gogo lilikuwa bado pale. Shangazi bado yuko kwenye hema. Lakini jana Kiprop alinipigia. Kumbe naye hupiga gitaa, mjanja wewe hukuniambia, na anataka kuja kurekodi. Aliniuliza kama nimehifadhi namba za vitufe, ili naye nimwekee sauti kama yako.

Nimekataa. Nakuahidi hivi, Mwalimu: nitamkalisha kwenye kiti chako, nitamsikiliza kwanza akiwa mkavu, halafu nitatafuta yake, hata ikichukua mwaka. Yako haitavaliwa na mtu mwingine mikononi mwangu. Lala salama, na huko uliko usiwabishie mafundi.

Mimi fundi wako,
Shiko