Muziki Huu Haukuzaliwa New York

Bronx, Machi 1976

Kaka yangu Leoncio,

Muziki unaokulisha haukuzaliwa New York, wala haukuzaliwa na kizazi chako. Nami nitalithibitisha hilo kabla sijatia sahihi barua hii. Lakini Mama, anayefunga pasteles za ndizi na nyama kwenye majani ya mgomba juu ya meza hii hii ninayoandikia, ameniamuru nianze kama mtu aliyelelewa. Basi, u hali gani? Shemeji yangu Nereida hajambo? Kile kikohozi chake cha baridi kimekwisha? Sisi huku tu wazima, isipokuwa lifti ya jengo, ambayo tangu uhame haijapona. Mama anasema umekonda. Amekuona kwenye bango mlangoni kwa kinyozi. Mimi nimemwambia hukukonda, suti ndiyo iliyonenepa.

Nakuandikia ingawa unakaa ng'ambo ya mto tu, kwa sababu simu huipokei. Jumamosi tulikusikiliza redioni. Baba alisogeza kiti karibu kabisa, akaweka kiganja juu ya redio. Ukasema salsa ilizaliwa hapa, mikononi mwa vijana wa mitaa hii, na kwamba wazee walikuwa mlangoni wakiwashikia makoti. Mtangazaji akacheka. Ukaona umefaulu, ukaongeza kwamba hata baba yako mwenyewe, pamoja na ngoma zake zote za timbale, siku hizi anavuka klave, anapotea kwenye mapigo, kama mtalii.

Nianze na hoja ya kwanza. Jina mmelipika ninyi pamoja na wauza santuri, sikatai. Na zile tromboni zinazonguruma kama malori ya taka ni zenu pia. Lakini salsa maana yake ni mchuzi, na mchuzi peke yake si chakula. Chini yake kuna son, dansi ya mashambani iliyoteremka kutoka mashariki mwa Kuba ikiwa na gitaa na vijiti vya klave vinavyogonganishwa miaka mingi kabla hujazaliwa. Chini ya son kuna ngoma za watu waliotolewa Kongo na kwingineko kwa minyororo, wakanyang'anywa kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya mikono yao. Na jazi, je, mnayojisifu kuichanganya? Wakuba waliohamia mji huu walikwisha kuikalisha meza moja na ngoma za konga ulipokuwa bado unanyonya. Kabla yao, baadhi ya waliopuliza ala za shaba katika bendi za Harlem walitoka kisiwani kwetu, si Kuba, wamefunzwa kusoma noti katika bendi za miji, kama Baba alivyofunzwa kwao Guayama. Vitabu nimevisoma, na pale viliponyamaza nimewauliza waliokuwapo. Hao ndio uliowaita washika makoti.

Kwa hoja hiyo ungeweza kunijibu, tukabishana kama zamani hadi Mama atutupie ufagio. Hoja ya pili ndiyo iliyonikaa kooni tangu Jumamosi. Kwetu, mpigaji akiambiwa amevuka klave, yaani ameyapoteza yale mapigo matatu na mawili yanayotuongoza sote, ni afadhali aambiwe mlevi, maana mlevi hulala akaamka mzima. Jumatatu, kwa kinyozi, walikuwa wamekwisha kuligeuza neno lako kuwa mchezo. Mtu akikosea kupanga domino, mwenzake anamwita kwa jina la Baba, "Haya, Don Eustaquio, rudi upande wako!" Nilitoka na nywele zilizonyolewa nusu.

Unajua kwamba nilipohitimu mwaka jana chuo kimoja cha Mayagüez, kule kisiwani kwetu, kiliniita nikafundishe historia. Nimewaandikia kwamba nakuja, kisha kwamba nimekawia, kisha kwamba naumwa. Siumwi. Kila Jumapili mchana niko pale pale, kwenye kiti cha piano cha Orkesta Guamaní, bendi anamopiga Baba. Waimbaji na waitikiaji wanapoanza kujibizana, tromboni hupaa, konga hucheka, nami narudia fungu lile lile la noti, lile lile, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Chago wa besi hunitania: "Profesa, hiyo shahada umeitundika wapi, chooni? Mbona bado unatusumbua hapa?" Nacheka, naendelea kupiga.

Sasa sikiliza kwa nini siendi. Januari, katikati ya wimbo, mguu wangu wa kushoto uliingia ganzi, nikaukunja chini ya kiti. Papo hapo Baba akavuka klave. Fimbo zake zilitua upande wa mapigo mawili ilhali sisi sote tuko upande wa matatu, na ukumbi mzima ukajikwaa. Doña Herminia, asiyekosa dansi hata akiwa na homa, akapaza sauti, "Don Eustaquio! Leo umekula nini, sabuni?" Watu wakaangua kicheko. Nikaunyosha mguu, kisigino kikaanza tena kuigonga klave sakafuni kama ilivyo desturi yangu, na Baba akarejea mahali pake. Tulipokuwa tukifunga vyombo akaniambia, macho yake yakiwa kwenye kamba anayoikaza, "Hivyo viatu vya kahawia sivipendi, profesa. Havionekani." Kesho yake nilikuta kitandani viatu vipya vyeupe.

Baba hasikii tena, Leoncio. Mtetemo wa besi anaupata kwenye mbao za jukwaa, lakini sauti ya vijiti haimfikii. Anapiga kwa kukitazama kisigino changu. Hatujawahi kulitamka hilo, yeye wala mimi. Nami nimeketi pale kwa viatu vya muuguzi, siwezi kukunja mguu, seuze kupanda ndege. Siku nikiondoka, wimbo wa kwanza hautafika nusu, naye atajua, na watu wote watajua. Ulipokuwa ukimcheka redioni hakusikia hata neno. Aliniuliza, "Mwanangu amesema nini?" Nikamwambia: amesema wewe ndiye uliyemfundisha kila kitu.

Mama anakusalimu, na pasteles zako ameziweka kando. Mpe Nereida salamu zangu, umwambie asitoke bila skafu. Wewe ni mwimbaji, na mwimbaji hushika vijiti vya klave mkononi, mahali ambapo mtu yeyote, hata Baba, anaweza kuviona. Basi jibu lako silitaki kwa barua. Likija na posta nitalirudisha halijafunguliwa. Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, mchana, panda jukwaani kwetu na vijiti vyako, simama mbele ya timbale za Baba, na mbele ya Doña Herminia, kinyozi na wote waliokusikia, waambie muziki huu umetoka wapi na nani alikufundisha. Nimekwisha kusema kwa niaba yako. Njoo ulifanye neno hilo kuwa kweli.

Mdogo wako,
Edelmiro Cintrón