Kiti cha Bibi Hudacek Juu ya Kihisi cha Barabara

Mpendwa mshauri Philomena wa gazeti letu,

Ninakuandikia kuomba msaada wa jambo moja: niambie kama adabu za mji huu zinaniruhusu kukiondoa barabarani kiti cha jikoni cha mwanamke mzee, na kama haziniruhusu, nifanye nini ili basi la shule lisiteleze tena kwenye mteremko wa Mtaa wa Cobb.

Mimi ni mhandisi kijana, mwenye shahada ya barabara niliyoipata kwa daraja la kwanza, nami niliajiriwa na mji wetu kiangazi kilichopita baada ya kulishawishi baraza kwamba zama za kutuma magari ya chumvi kwa kuchungulia dirishani zimekwisha, kwamba lami yenyewe ikipewa ulimi itatuambia lini imepata baridi, lini ina maji na lini chumvi yake imepungua, na kwamba ulimi huo ni kihisi, kidude cha chuma cha mviringo kinachofukiwa hadi kiwe sawa na uso wa barabara na kupeleka habari zake kwenye kompyuta ya ofisini. Baraza lilipiga makofi, likaagiza kwamba majira haya ya baridi gari lisitoke kwenda mtaa wowote wenye kihisi mpaka kihisi hicho kiseme.

Kwenye Mtaa wa Cobb, ambao kwa ukali wa mteremko hauna mwenzake mjini, nilikabiliwa na kikwazo: njia ya magari ilikuwa imetiwa lami mpya, na mkandarasi alitoa dhamana itakayovunjika pindi mtu akiitoboa, hivyo nikaamua, kwa hoja ambazo wakati ule niliziona madhubuti, kukifukia kihisi pembeni kidogo, mahali yanapoegeshwa magari, mbele ya nyumba moja ya matofali mekundu isiyo na mti wa kuitilia kivuli. Ilikuwa Septemba. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na kiti.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, mwenye nyumba hiyo, Bibi Dolores Hudacek, aliyepita umri wa miaka themanini, alitoka na beleshi akaifukua nafasi ile mpaka lami ikaonekana nyeusi, akaifagia, akainyunyizia chumvi ya mfuko wake mwenyewe, kisha akaweka katikati kiti chake cha jikoni chenye mto wa manjano, kwa kuwa, kama ujuavyo, hapa kwetu aliyeichimba nafasi ndiye mwenye nafasi hadi theluji iyeyuke, na kiti ndicho ushahidi wake. Yeye hana gari. Anamtunzia nafasi hiyo mwanawe anayekuja kula Jumapili, na mwanawe huyo ni Rudy Hudacek, msimamizi wa magari yetu ya theluji, ambaye ni bosi wangu.

Matokeo yake, mshauri, ni kwamba mtaa mzima umefunikwa na barafu isipokuwa mahali pale padogo, na kihisi changu, ambacho hakijui ulimwengu mwingine zaidi ya pale, kinaripoti kila asubuhi kwamba Mtaa wa Cobb ni mkavu, umeshiba chumvi, na unastahili kuigwa na mitaa mingine. Baraza limeniandikia pongezi. Isitoshe, kila Ijumaa Bibi Hudacek huwachemshia akina mama wa kanisa viazi vya kujazia pierogi, vile vibunda vya unga wanavyouza kanisani, na kwa kuwa hapendi kutupa kitu chenye manufaa, maji ya moto huyamwaga kwenye nafasi yake ili barafu isishike, na Ijumaa moja mwezi uliopita kompyuta iliyapokea maji hayo kwa furaha isiyo na kiasi, ikatangaza kwamba majira ya baridi yamekwisha, ikaamuru magari yaoshwe na kufungiwa hadi Novemba.

Jumatatu iliyofuata basi la shule lilipanda Mtaa wa Cobb hadi katikati, likasita kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, halafu likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, dereva akiushika usukani kwa heshima tu, mpaka likaegemea rundo la theluji kwenye uwanja wa kanisa. Hakuna aliyeumia. Watoto waliomba lirudie. Mimi nilikuwa ofisini, na skrini yangu ilikuwa ya kijani kibichi.

Nilimwendea Rudy mara moja.

"Bosi, mtaa wa mama yako umeganda."

"Najua umeganda, nimeanguka pale juzi na bakuli la supu mkononi. Lakini baraza limesema tusubiri kidude chako. Kinasemaje?"

"Kinasema pakavu."

"Basi pakavu, profesa."

"Kiti kikiondolewa, theluji itakifunika kihisi, nacho kitasema kweli."

"Kiondoe."

"Wewe ndiye mwanawe, bosi."

"Ndiyo, na ndiyo maana bado niko hai. Kile kiti sikigusi. Mama yangu amezeeka miguu tu, mkono bado unafika."

Nikaenda mwenyewe, nimevaa tai, nikamkuta Bibi Hudacek ameegemea beleshi lake. Nikamweleza kwamba ninaomba kiti kisogezwe kwa ajili ya usalama wa umma.

"Umma ndio nani?" akaniuliza. "Umechimba hapa wewe?"

"Nimechimba, Bibi. Septemba, kwa mashine."

"Septemba hata mbwa anachimba. Theluji ilipoanguka ulikuwa wapi?"

"Ofisini, Bibi."

"Basi kaegeshe huko ofisini, mwanangu."

Nilirudi nimeshindwa kwa hoja, nikaamua kulitatua jambo kitaaluma. Nimetunga kanuni ya hisabati, ambayo nimeipa jina la Kirekebishi cha Hudacek, inayoondoa kwenye taarifa za kihisi athari za beleshi, ufagio, chumvi ya nyumbani na maji ya viazi, na ili kuikamilisha nimekuwa nikihudhuria mauzo ya pierogi kanisani kila Ijumaa nijue viazi vinaiva saa ngapi. Kanuni hiyo ni nzuri, mshauri, ninathubutu kusema ni nzuri sana, ila inashindwa kila anapobadilisha aina ya viazi.

Sasa watabiri wanasema Jumatatu ijayo alfajiri itanyesha mvua inayoganda papo hapo ikigusa lami. Nikikiondoa kiti, nitakuwa nimevunja desturi ambayo hata polisi huizungukia kwa mbali. Nikikizima kihisi, nitalazimika kulieleza baraza lililonipongeza kwa nini ninauzima mtaa wetu bora. Nikikaa kimya, basi litapanda tena. Naomba uniongoze, kwa kuwa elimu yangu yote imenifikisha kwenye kiti hiki na haijui kukipita.

Wako mtiifu,
Mhandisi wa Skrini ya Kijani

MSHAURI PHILOMENA ANAJIBU

Mhandisi wangu,

Pole. Kushindwa hoja na Dolores Hudacek si aibu. Padre wetu ameshindwa, na daktari wa meno ameshindwa akiwa ndiye mwenye sindano. Pole hiyo ikutoshe, maana nyingine sina.

Umeandika kurasa nzima kuhusu kiti, na jibu la kiti ni fupi: usikiguse. Mtaani kwangu mgeni mmoja aliwahi kusogeza kiti cha watu akaegesha gari lake. Asubuhi alilikuta limemwagiwa maji kwa mpira wa bustani, limekuwa jiwe la barafu, na alilitoa theluji ilipoyeyuka. Hakuna aliyekamatwa kwa sababu hakuna aliyeona, na hakuna aliyeona kwa sababu wote tulikuwa tunachungulia.

Lakini wewe, mwanangu, kiti hakikuzuii. Kinachokuzuia ni ile barua ya pongezi. Umeuona mtaa umeganda kwa macho yako mawili, bosi wako ameanguka pale na supu yake, basi zima limerudi nyuma na watoto wa watu ndani, na bado ulikwenda kukaa na kalamu kutafuta hesabu ya kukifundisha kidude kisijali maji ya viazi. Unajua viazi vya Dolores vinaiva saa ngapi. Watoto wanapanda mtaa ule saa ngapi? Hilo hukuliandika popote, na wewe ni mtu wa kuandika.

Kihisi chako hakikudanganya hata siku moja. Kimesema ukweli mtupu kuhusu mahali ulipokiweka. Uliyeutangaza mlango wa Dolores kuwa ndio mtaa mzima ni wewe, na Rudy amefungwa mikono na agizo ulilolitafuta mwenyewe. Agizo linataka mtaa wenye kihisi usubiri kihisi. Mtaa usio na kihisi unarudi kwa Rudy na macho yake, ambayo si ya kijani, lakini yanaona.

Kwa hiyo gazeti hili likikufikia Alhamisi, liache mezani, kizime kidude cha Cobb, umwendee Rudy umwambie: "Nimekiweka mahali pabaya, tuma gari." Sema hivyo hivyo, bila mchoro. Atakuita profesa mpaka Aprili. Mwache, anastahili kufurahi kidogo. Jioni hiyo hiyo mpigie mwenyekiti wa baraza umwambie maneno yale yale kabla hajayasikia dukani. Wanaweza kukununia. Hawatakufukuza, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuiendesha ile kompyuta, na lami ya njia yenyewe mtaizungumza na mkandarasi msimu wa joto, kama mlivyopaswa kuizungumza tangu mwanzo. Kanuni yako ya viazi ipeleke kwenye mkutano wa wataalamu, wataipenda, usiipeleke barabarani.

Sasa kuna jambo ambalo nimepewa ruhusa kulisema. Kabla barua yako haijafika, Dolores alinipigia simu.

"Philomena," akasema, "kuna kijana mwembamba anakuja kanisani kila Ijumaa. Hanunui kitu. Ananiuliza viazi vimeiva lini, halafu anakwenda kusimama mbele ya nyumba yangu anatazama chini. Nimlishe au niite polisi?"

Barua yako ilipofika nikampigia nikamwambia, "Ni mhandisi, Dolores."

"Maskini. Mama yake anajua?"

Nikamweleza habari ya kihisi na ya basi. Akasema, "Yaani gari la chumvi haliji kwa sababu yangu mimi? Mjukuu wa jirani anapanda basi lile." Kisha akasema mengine ambayo gazeti hili halichapishi, na baada ya hayo akasema kwamba kile chuma kimemchosha, kila akichimba beleshi linakwama ukingoni, na alikuwa anangoja mtu mwenye adabu aje kusema kitoke. Ulikwenda kwake umevaa tai ukamwomba aondoe kiti. Ungemwomba akuruhusu utoe chuma chako, angekushikia beleshi.

Amekubali, kwa sharti lake. Theluji itakayokuwa imeanguka kwenye nafasi ile utaichimba wewe, kwa beleshi, mpaka lami ionekane, utaifagia, ndipo watu wako wakate na kutoa kidude na kuziba shimo vizuri. Rudy asikusaidie, amesema hilo mara mbili. Kiti atakiinua yeye kwa mkono wake na kukishika kifuani muda wote mnaofanya kazi, na mkimaliza atakirudisha, na kuanzia hapo utakuwa umechimba wakati wa theluji, nawe ukimpita mtaani atakuitikia. Baada ya hapo utakula, na usimuulize viazi vimeiva lini.

Anakungoja mbele ya nyumba yake Jumamosi hii, saa tatu kamili asubuhi.