Zambarau za Bwawani

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Pokea salamu za mtoto aliyekukumbuka na aliyekukasirikia kwa pamoja. Mguu unaendeleaje? Huku Garissa tu wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Ningekupigia simu, lakini wewe ukiulizwa neno usilolipenda mtandao hukatika ghafla, kwa hiyo naandika.

Ni habari ya mkweo, Abdi. Wiki kadhaa sasa akirudi kutoka soko la mifugo, ulimi wake una rangi ya zambarau. Nikamuuliza, akasema ni sharubati. Sharubati gani, mama? Mimi ni mtoto wa Witu, nimekua nikiparamia mizambarau iliyosimama majini, na doa lile silisahau. Abdi naye ni mtu wa nyama na maziwa ya ngamia, tunda analolijua ni ndizi. Nikajiambia, yuko mwanamke anayemlisha. Nikaanza kunusa mashati yake. Akicheka na simu, nasogea. Siku moja nikapika bila chumvi makusudi, nione atasema nini. Alikula akashukuru, na hilo nalo likanitia shaka.

Alhamisi nikamfuata kwa bodaboda mpaka mashamba ya mtoni. Huko Tana imeacha bwawa pale ulipopita mkondo wa zamani, na ndani ya matope umesimama mzambarau mnene kama ile ya kwetu. Nikajificha kwenye migomba, buibui limelowa mpaka magotini, matusi nimeyapanga tayari. Kumbe Abdi yuko juu ya mti, mtu mzima na kikoi chake, anaangusha zambarau, na chini msichana wa miaka sita hivi anazikinga kwa gauni.

Nikatoka. Abdi akateremka, usoni hakunitazama.

"Ni mwanangu," akasema. "Mama yake alifariki akimzaa, analelewa hapa na bibi yake. Niliogopa ukijua utarudi kwenu."

Nililia, mama. Nililia kwa hasira na kwa nafuu, maana mke mwingine hakuna. Mtoto akanishika mkono akaniita eeddo, ndivyo wanavyomwita huku mke wa baba. Nikainama kumpangusa matope, ndipo nikaliona gauni vizuri. Kola ya marinda, vifungo viwili vya rangi mbalimbali, na pindo lililokunjwa mara tatu ili literemshwe mtoto akirefuka. Pindo hilo nimelivaa utoto wangu wote. Simjui fundi mwingine anayeshona hivyo.

Nikamuuliza Abdi nani kalishona. Akainama kuokota zambarau.

Sasa nakuuliza wewe. Ulijua kabla ya nikaha au baada? Uliponiambia mume huyu hana mzigo wowote, ulikuwa umeshampima mtoto mabega? Na kila alipokuja Witu kununua ng'ombe, mlikuwa mnakaa mkizungumza nini juu yangu? Siku hizi kila ulichowahi kuniambia nakichungulia upya, na sipendi kukufikiria hivyo.

Nisalimie mjomba, kama naye hayumo katika siri hii. Msalimie shangazi na mdogo wangu Husna, huyo najua hawezi kuficha kitu.

Mtoto anaitwa Hodan. Nimemleta nyumbani akae nasi, yeye hana kosa. Usimshonee tena. Gauni la Idi nitamshonea mimi.

Mwanao,
Rukia