Vidole Vyangu Kwenye Akaunti ya Mama

Jumanne, Ngokolo

Ni mimi ninayeandika ripoti za Mama za stoo ya mgodini, kwa akaunti yake, tangu nimalize kidato cha nne. Sijamwambia mtu. Macho yake hayaoni vizuri tena, naye anaogopa wakijua watamwondoa kazini.

Leo jioni Kaka Masanja, fundi wa kompyuta wa mgodini, alimpigia Mama simu, naye akaiweka spika. Wamefunga mfumo wa akili bandia wa kunasa wezi wa akaunti, nao umejifunza jinsi kila mtu anavyobonyeza herufi.

"Shikamoo Mama Kabula. Mchana ofisini unaandika kwa kidole kimoja, jioni nyumbani unakimbia kama unafukuzwa. Mfumo unasema hao ni watu wawili."

"Marahaba. Uambie jioni ujana hunirudia!"

Walicheka wote, lakini kesho Mama ameitwa ofisini kuhojiwa.

Simu ilipokatika nilidhani atanifokea kwa haraka yangu. Alishika vidole vyangu, akavisogeza karibu kabisa na uso wake, akavitazama kimoja kimoja.

"Nitawaambia ukweli, mwanangu. Wasije wakakuita mwizi."

Naogopa. Mpaka aseme mwenyewe, wewe unayesoma hapa, tafadhali usimwambie mtu.