Koti la Babu Yako

Nekesa mjukuu wangu,

Habari za huko Eldoret? Hapa Gatongora tuko salama. Shangazi yako amejifungua msichana, na goti langu limepoa kidogo.

Umeniuliza utavaa nini siku ya kwanza ofisini, wewe mfupi mwenye kifua kikubwa. Unasema utajifunika na sweta ya kaka yako. Mwili huo umeutoa kwangu, kwa hivyo nisikilize.

Wakati wa Hali ya Hatari nilikuwa nimeolewa, nachuma kahawa huku Ruiru. Jioni askari walikuwa wakitukagua kwenye geti la shamba, wakitafuta chakula cha kupelekewa Mau Mau msituni. Mimi nilivaa koti la babu yako, hata jua likiwaka, nisitazamwe kifua.

Siku moja wenzangu wote walipita. Mimi nikaelekezewa bunduki.

"Wewe, umeficha nini humo?"

"Sina kitu, afande."

"Vua koti."

Nikafungua vifungo kimoja kimoja. Koti lilipotoka, askari aliona mwanamke mwenye gauni, basi. Akaniambia niende.

Jumamosi nilienda kwa fundi wa nguo huko Thika. Alinipima, akasema, "Mama, umekuwa ukivaa nguo za mtu mwingine." Akanishonea gauni la kunitosha kifuani na kushika kiuno.

Jumatatu nililivaa, koti nikaliacha msumarini. Nilifika getini. Askari ni yule yule, na hakuniangalia mara mbili.

Sweta mrudishie kaka yako.

Nyanya yako